Kwa vijana wa jamhuri ya kwenye simu

Wanangu na wajukuu wangu,

Mjukuu wangu ni Waziri wa Fedha wa nchi yenu ya mchezo, ile mnayoiendesha kwenye simu. Anakula bukari (ugali wetu) kwangu hapa Katuba, Lubumbashi, na bajeti anaiandikia mezani pangu huku chaji ya simu ikimwishia. Ndiye aliyenisomea malalamiko yenu: kwamba uchaguzi uliopita watu hawakuja, na kwamba chama chenye orodha ndefu kuliko vyote kilipata kura chache kuliko idadi ya viongozi wake. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha akanisomea sheria mnayotaka kuipitisha, kwamba kila raia ajiandikishe katika chama na asiyetaka afutwe. Hapo kicheko kikaniisha.

Hiyo sisi tumeshaipitia. MPR, chama cha Rais Mobutu, ilianzishwa mwaka 1967, na katiba iliyorekebishwa mwaka 1974 ikamfanya kila Mzaire (ndivyo Mkongo alivyoitwa wakati huo) kuwa mwanachama, utake usitake. Watoto wangu walizaliwa tayari wana chama. Kazini tulisimama uani asubuhi, tunaimba na kuyumbisha viuno kumsifu Kiongozi, na mkubwa wetu anapita akiangalia nani hapigi makofi. Mwenzangu mmoja alikuwa fundi wa kuchezesha midomo bila kutoa sauti. Nadhani alijifunza kanisani. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha, nami sikumwona hata mmoja pale kazini akikililia hicho chama chetu sote.

Na msidanganywe na wingi wa walioandikishwa. Hapa kwetu Kongo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Ukisimamishwa barabarani unaitoa, ukitaka laini ya simu unaitoa. Kwa hiyo foleni ya kadi haijawahi kukosa watu. Foleni ya kura ni habari nyingine: mwaka 2006 walijitokeza kama asilimia 70 ya walioandikishwa, mwaka 2018 wakawa chini ya 50, mwaka 2023 kama 43. Kadi mtu anaijua faida yake. Kura anataka kwanza aonyeshwe.

Nilimwuliza Waziri: wakishinda hawa badala ya wale, nini kinabadilika kwenu? Akafikiri kidogo, akasema, "Rangi ya bendera, babu." Bajeti, akakiri, huwa anaichukua ya zamani na kubadilisha tarehe. Sasa nani atachoma mega zake za intaneti kwa ajili ya rangi ya bendera? Anzeni hapo. Kila chama kabla ya kura kitaje sheria moja kitakayoileta, na kikishinda kiilete wiki hiyo hiyo, ijadiliwe, ianguke au ipite. Walioshindwa nao wapewe kazi yenye meno: wakague hesabu, wamhoji Waziri mpaka atoke jasho. (Mimi sitamtetea.) Chama cha watu wanne wanaojua wanachotaka kiacheni kiishi, msikilazimishe kuungana na kikubwa. Na asiye na chama apige kura yake.

Kuna jambo dogo pia. Mnafungua kura saa mbili usiku na kuzifunga saa nne. Kule Ruashi, mtaa mwingine wa mji huu, umeme ukikatwa saa hizo, wapiga kura wenu wa huko wako gizani na simu zimezima, nanyi mnaandika kwamba hawana moyo. Wapeni siku mbili.

La mwisho ni zito. Kati ya vyama vyenu nimeona viwili ambavyo orodha zake zimejaa majina ya upande mmoja tu wa nchi. Desemba 1957 mji huu, ulioitwa Elisabethville, ulipiga kura za komini, yaani manispaa zake, kwa mara ya kwanza, na nafasi za mameya Waafrika zikaenda kwa watu waliotoka nje ya mkoa wa Katanga. Mwaka uliofuata ikazaliwa CONAKAT, chama cha waliojiita wenyeji halisi wa Katanga. Yaliyofuata waulizeni bibi zenu, wengine wataondoka chumbani msiendelee kuuliza. Najua chama cha namna hiyo kitawajazia kura mara moja, tena bila kampeni. Kikataeni hata katika mchezo, na mkikatae kwenye katiba yenu kwa maandishi.

Mimi niandikeni mpiga kura asiye na chama. Ila zile saa mbili usiku mzibadilishe kweli, maana muda huo mimi nimeshalala.

Babu yenu,
Katuba, Lubumbashi