Kibaba cha bibi na bokoboko lako

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na zangu zikufikie wewe, mumeo na mjukuu wangu. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Vuli imeanza na karafuu bado ziko majamvini, basi kutwa nzima macho yetu juu kuchungulia mvua.

Idi iliyopita ulinambia kwenye simu kuwa bokoboko lako limetoka uji wa nyama, si ngano na nyama zilizoshikana, na mkweo kalisifu kwa heshima tu. Sikusema kitu siku ile, lakini yalinikaa moyoni. Kosa ni langu. Nilikutajia vitu, sikukutajia namna.

Bibi yangu, mama wa babu yako, hakuwa na mizani. Alikuwa na kibaba cha bati, na hesabu yake ilikuwa moja: kisaga cha ngano, na nyama uzito uleule. Kisaga ni vibaba viwili, pishi ni vinne. Juzi nilikichukua kibaba chake mpaka dukani nikakijaza ngano na kukipima: gramu 700 kasoro kidogo. Nyinyi watatu, nusu kibaba inawatosha na kiporo kinabaki. Ngano iwe nzima iliyokobolewa. Hapo Maskati huna haja ya kinu kama sisi, uliza tu ngano ya harisi, bokoboko la huko. Iroweke usiku kucha. Nyama iwe ya mbuzi, ya mkono, na mfupa wake. Thomu na tangawizi uzitwange, mdalasini uache kijiti kizima, pilipili manga kidogo. Maji yapande juu ya ngano kiasi cha kiganja.

Chumvi usitie mwanzo. Chungu kinakauka kwa saa nyingi, na chumvi uliyoiona ndogo jioni utaikuta kali alfajiri. Bibi aliitia mwisho kabisa, akionja kwa ncha ya kidole.

Usiku wa kuamkia Idi aliinjika chungu baada ya Isha. Moto ukishatulia alizitoa kuni, akapalia makaa juu ya kifuniko, akalala hapohapo jikoni kwenye mkeka. Nami nililala ubavuni mwake. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Kila nikishtuka nilimkuta ameinuka, ameinamisha kichwa anasikiliza. Chungu chenye maji kinachemka kwa haraka, povu jepesi. Ngano ikishafumuka sauti inakuwa nzito, inatoka kidogokidogo, puu, kimya, puu. Hapo ndipo alipomwamsha shangazi.

Na hapa ndipo ulipokosea, mwanangu. Ulinambia umelitia kwenye blenda. Mashine inakata nyuzi za nyama, na nyama iliyokatwa haishikani vizuri na ngano, inabaki uji. Mwiko haukati, unachambua. Toa mifupa yote kwanza, na kijiti cha mdalasini, kisha piga. Unakandamiza kwenye ubavu wa chungu, unavuta juu, unakandamiza tena. Bibi na shangazi walipokezana, mmoja akishika chungu kwa matambara miguuni, mwingine akipiga, mpaka kanga zikalowa jasho. Ukiinua mwiko likafuatana nao kama uzi mrefu usiotaka kukatika, limeiva. Likidondoka kwa mapande, bado.

Samli aliichemsha peke yake na vitunguu vilivyokatwa vyembamba, na punje mbili za karafuu. Karafuu hizo sijaziona kwa mtu mwingine, na ndizo ninazotaka uzishike zaidi ya kila kitu. Zitoe kabla hazijaungua. Lipakue sahani pana, lilainishe kwa mgongo wa kijiko, fanya kishimo katikati, mimina samli.

Jamaa zetu waliohamia huko Maskati baada ya 1970 wanatia na sukari juu. Mimi siiafiki, inaifunika karafuu, lakini ukiwa kwao kula walivyokuandalia. Na harisi yao ni ndugu wa tumbo moja na hili letu. Mwaka 2023 nilisikia redioni kuwa UNESCO wameiandikisha harisi kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni, kwa jina la Omani, Imarati na Saudia. Nilifurahi, kisha nikamkumbuka bibi juu ya mkeka wake. Chakula hiki kilivuka bahari na watu, kikakaa huku mpaka kikapata jina la Kiswahili na karafuu zetu, na sasa wewe unakirudisha.

Achari ya ndimu ya bibi imepotea. Nilidhani shangazi anaijua, shangazi alidhani ninaijua mimi, na siku tuliyoulizana bibi alikuwa ameshazikwa miaka sita. Nimejaribu mara nyingi. Inatoka nzuri, lakini si ile.

Mwiko wake na kibaba nimevifunga ndani ya kanga, nitampa jirani anayesafiri wiki ijayo. Mwiko usiuroweke kwenye sabuni. Usuuze kwa maji ya moto na uupake samli kidogo.

Ukishainjika, nipigie. Usiogope kuniamsha. Weka simu karibu na chungu, ukae kimya kidogo, nisikilize.

Mama yako