Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wazazi Wanaosomesha Watoto Nyumbani

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka aeleze kilichofanyika na kisichofanyika. Katibu amenikumbusha kwamba taarifa ya mwaka jana ilikuwa ndefu, na kwamba watoto walianza kugombana nyuma ya ukumbi hata sijafika kwenye mapato na matumizi. Nimesikia. Mapato na matumizi namwachia mhazini, ambaye hesabu zake mmeshagawiwa. Mimi nitasema juu ya shughuli za watoto na vifaa vya kujifunzia, kwa sababu huko ndiko tulikokosea zaidi na ndiko tulikopata faida zaidi.

Nianze na kabati letu la kuazimana. Mwaka jana nilijisifu hapahapa kwamba limejaa. Lilijaa kweli. Kila aliyebadilisha mtaala na kila aliyechoka kuona vitabu vimerundikana sebuleni alikuja kuutua mzigo wake kabatini, nasi tukapokea kila kitu kwa sababu ya haya. Kamati ilipokagua mwanzoni mwa mwaka ilikuta vitabu vya mazoezi vilivyokwisha jazwa majibu kwa kalamu ya wino, seti ya vipande vya kufundishia sehemu za hesabu (nusu, theluthi, robo) isiyo na hata kipande kimoja cha theluthi, na ramani ya dunia yenye Umoja wa Kisovyeti, dola iliyovunjika mwaka 1991. (Ramani tumeibakiza. Mtoto wa miaka kumi aliikodolea macho akauliza, "Hii nchi kubwa hivi ilikwenda wapi?" Wiki tatu za historia zikatoka kwenye swali hilo.)

Uchakavu ulikuwa tatizo dogo. Mama mmoja, wiki ya tatu tangu amwondoe mwanawe shuleni, alikuja kabatini akaondoka na mifuko miwili. Baada ya mwezi aliirudisha kama ilivyotoka. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, "Mwenyekiti, sikujua nianze na kipi, basi sikuanza." Nilirudi nyumbani na jibu hilo na sikulipenda, maana mimi ndiye niliyemfungia ile mifuko.

Kuanzia hapo kamati ikapitisha kanuni moja: hakuna kitu kinachoingia kabatini bila kikaratasi. Kikaratasi kinaandikwa na mzazi aliyekitumia kitu hicho na mtoto wake mwenyewe, na kina mistari minne tu: umri wa mtoto, muda uliotumika hasa, mahali mlipokwama, na ungefanya nini tofauti. Kisicho na mtu wa kukiandikia kikaratasi kiligawiwa au kikaenda kwenye karatasi chakavu. Kabati limebaki na chini ya nusu ya vitu vilivyokuwamo. Najua wapo walionuna, na mmoja aliniambia tumetupa mali ya chama. Lakini niwasomee kikaratasi hiki, kilichobandikwa kwenye boksi la sumaku: "Umri 7. Kitini kinasema dakika 30, sisi tulitumia siku mbili. Tulikwama kwenye neno 'ncha', yeye alidhani ni ncha ya kisu. Safari nyingine nitamwachia sumaku acheze nazo kwanza, kitini baadaye." Mzazi mgeni akishasoma hayo, anajua anachokibeba. Hakuna duka linaloweza kumwandikia hivyo.

Upande wa shughuli za pamoja, siku yetu ya kukutana iliendelea kila wiki isipokuwa zile tulizofunga kwa sababu ya mafua. Sitawapitisha kwenye kila moja. Zoezi la kujadiliana lilikwenda vizuri, kwaya ilikufa kifo cha kawaida, na ziara tulizopanga zilikuwa nyingi kuliko tulizofanya. Nataka nitulie kwenye zoezi moja, la kupima mzingo wa dunia kwa kivuli, kwa sababu bado linaulizwa.

Mnakumbuka wazo lilitoka wapi. Karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria kule Misri, alisikia kwamba huko Syene, kusini, jua la adhuhuri siku moja ya mwaka humulika hadi chini ya kisima bila kuacha kivuli. Aleksandria siku hiyohiyo kivuli kilikuwepo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara, yaani digrii 7.2. Umbali wa miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale). Zidisha kwa hamsini unapata mzingo wa dunia, stadia 250,000. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu urefu wa stadia moja, ila njia yenyewe haina ubishi, na mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuirudia kwa fimbo.

Tuna familia inayoishi kaskazini yetu, na tukipima kwenye ramani kwa mstari wa kaskazini-kusini ni kilomita 444. Tukakubaliana siku moja, kila upande ukasimamisha fimbo ya mita moja. Watoto waligundua wenyewe kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakiji saa sita kamili mchana. Kiliendelea kufupika wakati saa ya ukutani ilishapita sita, wakawa wanaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano wakibishana kama saa imeharibika au jua limechelewa. Saa haikuharibika. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, saa tunayoifuata ni ya eneo zima, na adhuhuri ya jua ni ya pale uliposimama. Mzazi angeeleza hayo ubaoni dakika kumi na yangesahaulika jioni ile. Kokoto zile hawajazisahau.

Baadaye kila upande ulichora pembetatu yake kwenye karatasi ya manila na kupima pembe kwa kipimapembe. Tofauti ya pembe mbili ilitoka digrii 4.3. Gawanya 360 kwa 4.3, zidisha kwa 444, unapata kilomita 37,000 na ushee. Mzingo halisi ni kama kilomita 40,000. Watoto wakataka kujua zile karibu elfu tatu zimepotelea wapi, na hapo ndipo somo lilipoanza. Kwa kilomita 444 tofauti ilipaswa kuwa kama digrii 4, maana digrii moja ya latitudo, yaani ya kwenda kaskazini au kusini, ni takriban kilomita 111. Kosa lote lilikuwa ndani ya theluthi moja ya digrii. Binti mmoja wa miaka kumi na tatu akakaa akapiga hesabu: fimbo ya mita moja ikiinama milimita tano tu kwenye ncha, theluthi hiyo imeshakwenda. Wakaanza kukagua picha. Fimbo ya kaskazini ilikuwa imenyooka kwa timazi, uzi na jiwe kama afanyavyo fundi mwashi. Fimbo ya kwetu ilisimamishwa kwa jicho, na jicho lilikuwa la mwenyekiti wenu.

Kikaratasi cha zoezi hilo kipo kabatini. Mstari wa nne unasema, "Timazi kwanza, mwenyekiti baadaye." Nimeuacha ulivyo.

Mimi sidai kila somo lifanywe hivyo. Jedwali la kuzidisha halitoki kwenye kivuli, na yapo mambo ambayo mtoto lazima ayarudie mpaka yamwingie. Kwa hayo familia nyingi mwaka huu zimetumia boksi la kadi, na naona niliseme kwa sababu halina gharama. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akachapisha jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka mwanzoni, kisha ikapungua kasi ya kuporomoka. Baadaye mwandishi Sebastian Leitner, mwaka 1972, alieleza boksi lenye vyumba vitano. Kadi mpya inaingia chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Mtoto akijibu sawa, kadi inasonga chumba kinachofuata, ambacho hupitiwa kwa nadra zaidi, na akikosa inarudi mwanzo hata kama ilishafika cha nne. Boksi la viatu na vipande vya katoni vinatosha. Tahadhari kutoka kwenye vikaratasi vitatu tofauti: mtoto aandike kadi zake mwenyewe, na msimtilie kadi nyingi kwa siku, maana wiki ya pili zile za nyuma hurudi zote kwa pamoja na mtoto analia.

Kwenye vifaa vya kidijitali nitapita haraka. Kwa fizikia na hesabu, majaribio ya kwenye kompyuta ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yametusaidia pale ambapo hatuna maabara. Wanaojifunza kuandika programu za kompyuta wanatumia Scratch, lugha ya programu kwa watoto iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, na watoto wakubwa ndio waliowafundisha wadogo. Wazazi tulikaa kando, kwa sababu wengi wetu hatukuwa na la kufundisha. Familia zisizo na intaneti ya uhakika zimejaribu programu ya Kolibri, ambayo hupakiwa mara moja kwenye kompyuta kisha masomo yakasomwa bila mtandao. Malalamiko yaliyonijia juu ya kompyuta hayakuhusu programu yoyote. Yalihusu mzazi anayemwacha mtoto peke yake na skrini kwa saa tatu halafu anashangaa hajaelewa. Nami nimefanya hivyo, siku za kazi nyingi.

Sasa niseme jambo lisilonipendeza. Katikati ya mwaka tulitoa nakala za kitabu cha mazoezi cha kulipiwa na kuwagawia wanachama, na aliyeidhinisha ni mimi. Mwanachama mmoja, mwenye ndugu anayeishi kwa kuandika vitabu, alinivuta pembeni akaniuliza kama ningependa mshahara wangu unakiliwe hivyo. Nakala tulizikusanya, zikaharibiwa, na walioendelea kukihitaji kitabu walikinunua. Tangu hapo tumejifunza kusoma leseni. Hadithi za watoto za tovuti za StoryWeaver na African Storybook zimetolewa kwa leseni huria, yaani unaruhusiwa kuzichapa, kuzigawa, hata kuzitafsiri, alimradi umtaje mwandishi na mchoraji. Ruhusa hiyo ya kutafsiri ilitupa shughuli nzuri tusiyoipanga. Kijana mmoja aliyekuwa akikimbia kila kinachoitwa insha alipewa hadithi fupi aitafsiri kwa ajili ya mdogo wake. Alimaliza, mdogo wake akamkatiza kwenye ukurasa wa pili: "Watu hawasemi hivyo." Akairudia yote. Sijaona mwalimu mwenye kalamu nyekundu akipata matokeo hayo.

Swali la kila mwaka, kwamba watoto wetu watacheza na nani, sasa linaulizwa zaidi na shangazi zetu kuliko na sisi wenyewe. Kwa wadogo halina uzito, wanakutana na wanazoeana, wakubwa kwa wadogo. Kwa vijana lina uzito, na hapo chama kimeshindwa. Kuanzia miaka kumi na nne hivi wanaanza kutoroka siku ya kukutana, na ukiangalia ratiba unaelewa: karibu kila kitu kimepangwa kwa wenye miaka minane. Kamati ijayo ikitaka kujua ianzie wapi, ianzie kwa kuwauliza wao, na isiwaulize mbele ya wazazi wao.

Mambo ya sheria na mitihani, mnisamehe kwa kurudia. Kila nchi ina yake. Ujerumani inamlazimu mtoto kwenda shule, ilhali Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu elimu ya nyumbani, kila moja na masharti yake. Kwa hiyo msichukue ushauri wa mtu anayeishi chini ya sheria nyingine, hata awe na maneno matamu namna gani. Ulizeni mamlaka inayowahusu, kwa maandishi, na mhifadhi jibu. Wenye watoto wanaokaribia mtihani wa kujitegemea, yaani wa wasiosajiliwa na shule, wajue kwamba usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, na kwamba masomo yenye vitendo yanahitaji kituo kitakachompokea mtoto maabara. Wekeni pia kumbukumbu za kazi za watoto tangu sasa: tarehe, alichosoma, sampuli chache. Mwanachama mmoja aliyelazimika kumrudisha mwanawe shule alitengeneza kumbukumbu za miaka miwili kwa wiki moja. Nilimsaidia, na sitaki kusaidia tena.

Uchaguzi wa viongozi uko baada ya mapumziko. Nafasi ya mtunza kabati iko wazi, kwa kuwa aliyepo amehama, na ni kazi ya kila wiki hasa, msiipokee kwa adabu tu. Uongozi wa siku ya vijana napendekeza uende kwa vijana wawili, na kamati iwe na kazi ya kufungua na kufunga mlango.

La mwisho ni vitu ambavyo havijarudi kabatini. Katibu ameniandikia orodha: hadubini moja, vipimapembe vinne, boksi la mizani ndogo lenye mawe matano kati ya sita, na timazi iliyonunuliwa baada ya zoezi la kivuli. Walionavyo watavileta wiki ijayo bila kuulizwa maswali. Timazi iko kwangu.