Shukrani kwa dada wa maktaba, Leicester

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, najilaumu hadi leo. Ni mimi yule mama mwenye mtandio wa kijani, niliyekuwa nalia mbele ya kompyuta ya maktaba, miezi minne baada ya mwanangu kuuawa kwa kisu.

Ulivuta kiti, ukavaa miwani yako iliyogangwa kwa gundi, ukaanza kuuliza: namba ya kesi ya polisi, cheti cha kuzaliwa, risiti za mazishi. Ukaniambia kudai fidia ya serikali ya Uingereza ni bure, nisimpe wakala hata peni. Muuaji hata asipotiwa hatiani naweza kudai, ila nisipitishe miaka 2. Na mzazi ana haki yake: pauni 11,000 akidai peke yake, 5,500 kila mmoja wakiwa zaidi. Kumbe! Mimi nilidhani ni kuomba sadaka.

Zimechelewa, lakini zimeingia. Deni la mazishi nimekirudishia chama chetu cha kufa na kuzikana. Kalamu yako uliyoitafuna kitako bado ninayo. Jumamosi huwa napita pale nikuangalie.

Ahsante sana, dada. Mungu akuzidishie.