Barua ya malalamiko: nimefungiwa mashine ya ndani ya kiyoyozi ya tani 5 badala ya tani 3

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Viyoyozi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUNGIWA MASHINE YA NDANI ISIYO YA SAIZI TULIYOKUBALIANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, ingawa ofisini kwenu heshima hiyo sikuipata. Profoma yenu, ile karatasi ya bei na vifaa, mnayo. Masharti yenu ya mauzo mnayajua, pamoja na kile kipengele kinachosema hakuna kifaa kitakachobadilishwa bila idhini ya mteja kwa maandishi. Sina haja ya kuyarudia. Nauliza tu: mashine ya tani 5 iliyoko juu ya dari yangu niliiidhinisha lini?

Mashine ya nje ni ya tani 3 za nguvu ya kupoza, kama tulivyokubaliana. Ya ndani kibandiko chake kinasomeka tani 5. Nilipomwonyesha fundi wenu akanijibu, "Mama, umebahatika, umepewa kubwa kwa bei ya ndogo." Baadaye kijana wake ndiye aliyenieleza kuwa za tani 3 zilikuwa zimeisha stoo.

Ndugu Meneja, sikubahatika. Mashine ya nje ya tani 3 inaondoa BTU 36,000 za joto kwa saa, BTU ikiwa ni kipimo cha joto. Hata ya ndani iwe kubwa namna gani, baridi yenyewe inatoka kwenye hizo hizo 36,000. Kinachozidi ni upepo. Kwa kila tani, hewa inayopita kwenye koili, yaani mabomba ya baridi ya mashine ya ndani, hukadiriwa futi za ujazo 400 kwa dakika, na kwenye mji wa pwani wenye unyevu kama wetu, fundi makini huishusha hadi 350. Mimi nilihitaji kati ya 1,050 na 1,200. Feni yenu mmeiacha kwenye kasi ya tani 5, yaani karibu 2,000. Hewa inapita mbio, koili haipoi kiasi cha kuugeuza mvuke kuwa maji, unyevu unabaki ndani ya nyumba. Na dakti, yaani mifereji ya hewa, zilizokatwa kwa vipimo vya tani 3 zinavuma usiku kucha, huwezi kuongea na mtu sebuleni bila kupaza sauti.

Njooni mtazame bomba la kutolea maji. La jirani yangu linajaza ndoo kabla ya adhuhuri. La kwangu linatoa matone ya kuhesabu. Kwa fundi anayeijua kazi yake, bomba hilo peke yake lingetosha kumwonyesha kosa.

Haya yote niliyaandika kwenye karatasi, nikaja nayo ofisini kwenu mwezi Machi. Meneja wenu wa mauzo hakuisoma. Aliniambia mbele ya wateja: "Mama, mambo ya tani na BTU ni ya wanaume. Nenda nyumbani, mwambie mzee aje tuongee naye." Mume wangu nilimzika Kinondoni miaka minne iliyopita.

Mwezi Januari nilikuwa na profoma tatu mezani. Kampuni ya kwanza walikaa kwangu saa mbili nzima. Walipima vyumba, wakahesabu madirisha yanayopigwa na jua la jioni, wakapanda darini kuangalia kama chini ya bati pana kizuia joto, wakauliza tunaishi wangapi. Kwa mita zangu 70 za mraba wakaandika tani 3 nje, tani 3 ndani. Kampuni ya pili waliandika tani 3 nje na tani 3 na nusu ndani. Nilipohoji, walinionyesha jedwali la mtengenezaji linaloruhusu mashine hizo mbili kufungwa pamoja, na wakaandika kwenye profoma kwamba kasi ya feni wataishusha. Hilo ningelikubali, kwa kuwa lilikuwa na maelezo. Ninyi mliandika tani 3 kwa tani 3, bei ikiwa chini ya wenzenu kwa shilingi 900,000. Niliwachagua kwa kile mlichokiandika. Kumbe mmeshinda kwa saizi moja, mkaja kufunga nyingine.

Masika ilipoanza, ukungu uliota nyuma ya mapazia na kwenye kona za jipsamu. Kanga zangu kabatini zinanuka uvundo. Nilinunua kipima unyevu: chumba kiko nyuzi 24, unyevu asilimia 76. Unakaa kwenye baridi huku ngozi inanata. Tukishusha hadi 18 tupate nafuu, umeme wa LUKU tuliozoea kuutumia wiki mbili unaisha kwa siku nane. Mjukuu wangu ana pumu. Kwa ajili yake ndiyo nilitaka kiyoyozi.

Narudi kwa meneja wenu wa mauzo, maana sikueleza yote. Karatasi ile niliiandika kwa mkono, usiku, kwa rula. Nimefundisha hisabati sekondari miaka 31. Aliichukua, akaiweka mezani, akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Kisha ndipo akasema, "Nenda nyumbani, mwambie mzee aje." Mafundi wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Binti wa mapokezi aliinamisha kichwa, na namshukuru, ni yeye pekee aliyeona aibu. Nilipoomba karatasi yangu nirudishiwe, ilikuwa na duara la chai juu ya hesabu zangu. Ninayo. Nakala yake nimeambatisha.

Ninachodai: mfunge mashine ya ndani ya tani 3 ndani ya siku 14, bila kunitoza hata senti ya kazi wala ya gesi. Mpake upya jipsamu iliyoharibika. Meneja wa mauzo aniombe radhi kwa maandishi.

Nilikuwa nimefika hapo mhasibu wenu akapiga simu, kwa mara ya tatu wiki hii, kudai salio la shilingi 2,100,000. Mara tatu kwa salio. Kwa mashine hamjapiga hata moja. Basi sasa ni siku 7. Zikipita, njooni mng'oe vitu vyenu vyote, mnirudishie shilingi 8,400,000 nilizolipa, risiti za EFD ninazo. Na radhi siitaki tena kwa karatasi: meneja wa mauzo ataniomba pale pale kaunta, mafundi wale wawili wakisikia.

Siku ya 8 faili hili litakuwa Tume ya Ushindani, FCC, na nakala Bodi ya Usajili wa Makandarasi, waangalie kama mna usajili wa kazi hii. Kutoka hapo ni mahakamani. Nimestaafu, muda ninao.

Mteja wenu,
Mbezi Beach, Dar es Salaam.

Viambatisho: profoma, risiti, picha ya kibandiko, karatasi yenye doa la chai.