Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Jumba la Husuni Kubwa lina mwenyewe

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUTAJWA KWA SULTANI AL-HASAN BIN SULAIMAN KILWA KISIWANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Lindi. Mwaka jana niliwavusha wanafunzi wangu kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani, tukafika Husuni Kubwa, pale juu ya genge. Mtu aliyetuongoza akatuambia kwamba jumba lile ni "la Waarabu", kisha akatugeuza tukaangalie bahari. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwarabu gani?" Hakujibiwa.

Mwenye jumba anajulikana, Mheshimiwa. Ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala kuanzia mwaka 1310 hivi hadi miaka ya mwanzo ya 1330. Jina lake limo kwenye jiwe la maandishi lililofukuliwa palepale, na limo kwenye sarafu zake za shaba, ambazo moja ilipatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa. Ukoo wake wa Mahdali ulijinasibisha na Yemen, ni kweli, lakini babu yake alikwisha kukikalia kiti cha Kilwa kabla yake, na Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyetia nanga hapo mwaka 1331, aliandika kwamba wengi wa wakazi walikuwa Wazanji, yaani watu weusi wa Afrika Mashariki, weusi sana, wenye chale usoni. Kusema "la Waarabu" na kunyamaza ni kuwafuta watu hao wote kwa neno moja.

Utajiri wa sultani huyu haukuwa wa miujiza. Chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi ndani ya mwaka uleule, lakini kikivuka kwenda kusini zaidi kilihatarisha kukosa upepo wa kurudia. Kwa hiyo dhahabu ya nyanda za Zimbabwe iliyoshuka hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ambayo Kilwa iliishika, ilibidi ipitie mikononi mwa watu wa Kilwa. Fedha hizo ndizo zilizogeuzwa matumbawe na chokaa: vyumba zaidi ya 100, ua wa kupokelea wageni wenye ngazi za kukalia, na birika la kuogea la pembe nane, ambalo wanafunzi wangu walilizunguka wakihesabu pembe kwa sauti, kisha wakahesabu tena wasiamini. Inaelekea jumba lenyewe halikukamilika. Kuba alizouongezea Msikiti Mkuu nazo ziliporomoka, zikajengwa upya na sultani mwingine katika karne ya 15.

Watu walimwita al-Hasan Abul Mawahib, mwingi wa kutoa. Neno letu "hiba" ni la shina hilohilo. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka kuswali, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa ileile. Sultani akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu wa msikiti, akavua, akavaa nyingine, akamwita fakiri aje achukue. Naye akazifunga kwenye kitambaa, akajitwika, akaenda zake. Mwana wa sultani akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Watumwa ishirini kwa nguo za mtu mmoja! Darasani kwangu kicheko huishia hapo. Msafiri huyohuyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za Wazanji na kuteka ngawira, akitenga moja ya tano yake kwa makusudi yaliyoamriwa na dini. Mwenye kusimulia ukarimu ule akaruka mateka hawa, amesimulia nusu, na nusu hiyo si haki kwa wana wa bara waliotekwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Kuta zimeshughulikiwa, sasa nauombea ulimi. Naomba Wizara yako ihakikishe kwamba kila anayeongoza wageni Husuni Kubwa anamtaja sultani huyu kwa jina, kwa Kiswahili, pamoja na Sofala, fakiri wa Yemen na wale watumwa ishirini, na kwamba nakala ya sarafu yake moja inawekwa mahali ambapo mtoto ataishika kwa vidole vyake.

Masika yakiisha nitavuka tena na kidato cha pili. Aliyeuliza mwaka jana ameomba aje nasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia,
Lindi