Maneno ya utawala ya Kijerumani yasipitie Kiingereza

Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako makala juu ya Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ule ambao watu wengi wamezoea kusema kwamba kwa mkataba huo Wajerumani waliwapa Waingereza Zanzibar nao wakapewa kisiwa cha Helgoland. Mwandishi amefanya vyema kueleza kwamba Ujerumani haikuwa na Zanzibar ya kumpa mtu, bali iliahidi tu kuyatambua mamlaka ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba. Alipofika hapo, hata hivyo, aliandika kwamba tulikubaliwa kuwa "nchi lindwa", na ndipo nilipovua miwani. Neno lililomo katika matini ya Kijerumani ni Schutzherrschaft. Nusu yake ya kwanza, Schutz, ni ulinzi au hifadhi. Nusu ya pili, Herrschaft, ni utawala, na sikio la Mjerumani husikia ndani yake Herr, yaani bwana. Waingereza walilitumia neno lao "protectorate", ambalo lina ulinzi mtupu, na sisi tukafasiri kutoka kwao. Ubwana ulidondoka njiani.

Anayeona kwamba jambo hili ni dogo na akumbuke tarehe 27 Agosti 1896, pale mizinga ya manowari za mlinzi ilipolipiga kasri la mlindwa kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu Khalid bin Barghash alikikalia kiti cha usultani bila ya ridhaa ya Waingereza. Khalid mwenyewe alikimbilia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Neno lenye ulinzi peke yake haliwezi kukieleza kisa hicho, lakini neno lenye ulinzi na ubwana pamoja linakieleza bila ya tabu. La kustaajabisha ni kwamba Kiswahili tayari kilikuwa na neno la namna hiyo. Himaya kwa asili yake ya Kiarabu ni hifadhi, na leo sote tunasema "himaya ya Waingereza" tukimaanisha milki yao. Wazee walioliacha neno hili libebe maana zote mbili walijua walilokuwa wakilisema.

Nadhani ni haki nieleze kwa nini mtu wa umeme anaingilia mambo ya mikataba. Mimi ni miongoni mwa vijana wa Kizanzibari waliopelekwa Ujerumani Mashariki, katika zama zile ambazo nchi hiyo ilitujengea nyumba za Kikwajuni na Kilimani. Pale Leipzig tulifundishwa lugha kwanza kabla ya kushikishwa waya, na somo lililonitoa jasho zaidi lilikuwa la neno Leitung. Neno hilo ni uongozi wa kiwanda, ni bomba la maji, na pia ni waya wa umeme, na Mjerumani akitaka kusema kwamba mtu ni mzito wa kufahamu husema kwamba ana Leitung ndefu. Niliambiwa hivyo zaidi ya mara moja.

Mwaka jana niliitwa kutazama pampu ya maji katika jengo moja la umma hapa mjini, ambalo sitalitaja. Pampu ilikuja na kitabu cha Kijerumani pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, na mtu mwenye nia njema akaitoa tafsiri ya Kiswahili kutoka kwenye hiyo ya Kiingereza, akaipiga chapa na kuibandika ukutani. Katika karatasi hiyo neno "udhibiti" lilitokea mara tatu: udhibiti wa muda, udhibiti wa shinikizo, na udhibiti kila mwezi. Nilipokifungua kitabu cha asili nilikuta maneno matatu yasiyokuwa na undugu: Zeitsteuerung, Druckregelung na Kontrolle. Kiingereza kiliyaita yote "control", na Kiswahili kikafuata.

Tofauti ya mawili ya kwanza ndiyo msingi wa fani yetu, na Wajerumani waliiweka hata katika kiwango chao cha kitaifa, DIN 19226. Steuerung ni kutoa amri bila ya kungoja jawabu: saa ikifika pampu inawaka, saa ikifika inazimika, liwe tangi limejaa au ni kavu. Regelung ni kupima, kulinganisha kilichopimwa na kinachotakiwa, kisha kurekebisha, na kurudia hivyo bila ya kukoma, kama friji inavyojizima ikishapoa na kujiwasha ikianza kupata joto, au kama gavana wa jenereta, yaani kifaa kinachoshika mwendo wake, anavyoongeza mafuta pale mzigo unapoipunguzia mashine mwendo. Mhandisi wa Kiingereza anayetaka kuzitenga hulazimika kuliongezea neno lake mkia, aseme "control" ya kitanzi kilicho wazi au ya kitanzi kilichofungwa, na mfasiri mwenye haraka huukata mkia huo. Mwangalizi wa pampu ile aliposoma "udhibiti wa muda" aliamini kwamba mashine itajizima yenyewe tangi likijaa, akaenda kulala, na maji yakamwagika hadi alfajiri. Mimi ningesema "uendeshaji kwa saa" kwa la kwanza na "usawazishaji wa shinikizo" kwa la pili. Ama la tatu, Kontrolle, ni ukaguzi tu. Anayekagua tiketi ndani ya treni za kwao huitwa Kontrolleur, wala hadhibiti chochote. Kwa miezi kadhaa pampu ile haikukaguliwa hata mara moja, kwa kuwa kila mmoja aliutafuta "udhibiti wa kila mwezi" kwenye vitufe.

Sidai kwamba Kijerumani chenyewe kimenyooka. Steuer ni usukani, na neno hilo hilo, likibadilishwa jinsia yake ya kisarufi, huwa ni kodi. Tena Steuermann, mshika usukani, kwa hesabu za mafundi hafanyi Steuerung hata kidogo, kwani anayekishika chombo kutoka Unguja kwenda Mkoani hutazama upepo, mkondo na nchi kavu, kisha hurekebisha kila dakika, na hiyo ni Regelung halisi. Wayunani walimwita mtu huyo kwa neno ambalo Warumi walilichukua na kulifanya kutawala, likafika kwa Waingereza kama "govern", na mwaka 1948 Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, akalirejea lile la Kiyunani alipoipa jina la "cybernetics" elimu yake ya mawasiliano na mifumo inayojirekebisha. Sisi nasi husema kwamba fulani ameshika usukani wa nchi, na hatukuhitaji kulipitia neno la Kiingereza ili tuione taswira hiyo.

Katika elimu ya jamii mambo ni yale yale. Neno Herrschaft alilolitumia Max Weber, mtaalamu wa Kijerumani wa elimu hiyo, lilimsumbua Mmarekani Talcott Parsons katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1947, akawa mara analiita "authority", mara "imperative control". Tafsiri ya mwaka 1968 ikapendelea "domination". Msomaji wa kwanza anadhani kwamba Weber anazungumzia mamlaka halali, na wa pili anadhani kwamba anazungumzia ukandamizaji, ilhali yeye alitaka kusema tu kwamba amri inatarajiwa kutiiwa, kwa sababu yoyote ile. Neno letu "utawala" linatosha, maana halimsifu wala halimlaani mtawala. Neno Gewalt ni gumu zaidi, kwani katika Katiba yao ya mwaka 1949, kifungu cha 20, ni mamlaka ya dola yanayotoka kwa wananchi, na katika habari za polisi ni kipigo anachopewa mke nyumbani. Hilo halina njia ya mkato katika lugha yoyote niijuayo.

Watu wa Bara chini ya Wajerumani hawakuwa na Kiingereza cha kukiegemea, na bado walifasiri. Bezirksamtmann, mkuu wa wilaya, walimwita "bwana shauri", kwa kuwa walimwona akikaa kusikiliza mashauri, na Wajerumani wenyewe wakalichukua neno shauri na kuliandika Schauri. (Hao hao ndio waliowaachia wenzetu wa Bara neno "shule", nasi huku tukabaki na "skuli" yetu ya Kiingereza.)

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa wenzetu wa Baraza la Kiswahili la Zanzibar ni kwamba matini ya Kijerumani inapotakiwa kufasiriwa, iwe ya mkataba au ya mashine, atafutwe mtu anayekisoma Kijerumani. Wapo, hata kama wengi wetu tumeshazeeka. Karatasi ile ya pampu haijabadilishwa mpaka leo, na kwa kuwa sikupewa ruhusa ya kuiondoa, nimeandika kwa kalamu pembeni ya mstari wa tatu: "Maana yake ikaguliwe."

Mwalimu mstaafu wa umeme,
Kilimani, Unguja