Nimemaliza chuo, ajira bado: huu muda niutumie kwa lipi?

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mu wazima, wewe na wasomaji wenzangu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Shelui, wilayani Iramba, mkoa wa Singida. Mwezi wa saba mwaka huu nilifanya mtihani wangu wa mwisho wa shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, masomo yangu ya kufundishia yakiwa Historia na Kiswahili. Mahafali bado, cheti bado, na ajira nayo bado. Nilicho nacho kwa wingi ni muda, na huo ndio ulionifanya nikuandikie. Kila aliye karibu nami ameshaupangia kazi yake, nami nina kazi yangu ambayo nashindwa kuitetea mbele ya wazazi.

Zamani mwalimu akimaliza chuo alikuwa anasubiri tu kupangiwa kituo. Baba bado anaamini ndivyo ilivyo, kwa sababu mdogo wake alipomaliza ualimu alipangiwa shule akiwa hajamaliza hata kufua nguo alizorudi nazo. Siku hizi unajisajili kwenye mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira, unasubiri tangazo, unaomba, unafanya usaili wa mchujo wa kuandika, na ukipita ndipo unaitwa kwenye mahojiano. Walimu wa sayansi na hisabati ni wachache, sisi wa Historia na Kiswahili tumejaa. Sijutii, nililipenda somo langu na bado nalipenda. Nasema ili ujue kwamba kusubiri kwangu kunaweza kuwa kwa miezi, kunaweza kuwa kwa miaka, na siwezi kuishi kama mtu atakayeitwa Jumatatu ijayo.

Shangazi, tangu darasa la kwanza sijawahi kuwa na miezi iliyo mikononi mwangu. Likizo zote zilikuwa za shamba. Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, nikarudi, nikaenda chuo. Hii ndiyo nafasi ya kwanza, na nikishaajiriwa, au nikishaolewa na kupata watoto, sioni nyingine kama hii itatokea lini. Ndiyo maana naumia nikiona wiki zinakwenda hivi hivi.

Zinakwendaje? Mama ana mgahawa pembeni ya barabara kuu ya Mwanza, pale madereva wa malori wanapopumzika kabla ya kuupanda mlima Sekenke. Tangu nirudi, msichana aliyekuwa akimsaidia ameondoka na hakutafutwa mwingine. Hilo silalamikii hata kidogo. Mgahawa huo ndio ulionilisha na kunilipia nauli miaka mitatu yote ya chuo, na mama ana maumivu ya mgongo. Naamka saa kumi na moja, nakanda unga, nasukuma chapati, naweka supu jikoni. Ikifika saa tano asubuhi wateja wa chai wameisha na ningeweza kuondoka. Hapo sasa ndipo mama mdogo analeta watoto wake niwaangalie, jirani anataka nimwandikie majina kwenye kadi za michango ya harusi, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa anataka nimhesabie daftari. Wote ni watu wangu, wote wamenisaidia kwa njia moja au nyingine. Lakini nikisema leo nina kazi, wanashangaa kwa kweli, si kwa ubaya: kazi gani tena, si yupo tu nyumbani? Jioni inafika na sijafungua hata ukurasa mmoja wa maandalizi ya usaili.

Baba ana mpango wake. Anataka nilime ekari tatu za alizeti msimu huu. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, unapanda, unapalilia, unavuna mwezi wa tano au wa sita. Amenitengea shamba na ameahidi kunilipia trekta, na najua kwake hilo ni jambo kubwa, maana fedha hiyo haizidi nyumbani. Ila naikumbuka 2023. Bei ya alizeti iliporomoka, baba akauza magunia kwa fedha ambayo haikurudisha hata gharama za kulima. Sitaki kuonekana nadharau jembe kwa sababu nimesoma. Swali langu ni kama mtu anayeweza kuitwa kwenye usaili wakati wowote, na asiye na akiba, anafaa kujifunga na zao ambalo bei yake haijui mpaka siku ya kuuza. Labda ekari moja. Labda nimwombe baba tusubiri kukamua mafuta wenyewe na kuuza mashudu kando, badala ya kuuza mbegu wakati wa mavuno kila mtu anapouza. Wakulima mnaosoma barua hii, nisaidieni hapo.

Kaka yangu mkubwa yuko Mbagala, Dar es Salaam. Ana kibanda cha uwakala wa fedha kwa simu na anataka kufungua cha pili, nikakae mimi. Ameniahidi mshahara, si mkubwa, lakini ni fedha ya kila mwezi. Baba analipenda hili pia, kwa sababu ya deni. Nilisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na marejesho yanatakiwa kuanza miezi 24 baada ya kuhitimu. Ukiwa umeajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara, usipoajiriwa deni linakusubiri pale pale. Nililiomba mkopo huo mwenyewe na nitaulipa. Lakini kibandani unaingia asubuhi na kutoka usiku, siku saba za wiki, na kwa miezi hiyo sitakuwa mwalimu wala mwanafunzi wa kitu chochote.

Sasa nikueleze kazi yangu.

Bibi mzaa baba alizaliwa karibu na mgodi wa Sekenke. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa wakati wa Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na fedha imewaishia, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli. Zina picha ya tembo, na leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani wananunuliana kwa bei ya kutisha. Waingereza walipoichukua nchi nao waliendelea kuchimba. Hayo yameandikwa vitabuni na yeyote anaweza kuyasoma. Nilichokikosa katika vitabu vyote nilivyopata maktaba ya chuo ni wachimbaji wenyewe. Walitoka wapi? Walilipwa nini, na walikula nini kambini? Mtu akifukiwa na kifusi, nani alikwenda kumwambia mkewe, na alizikwa wapi? Wanawake waliokuwa wakiuza pombe na unga pembeni ya kambi walikuwa kina nani?

Bibi anayajua mengi ya hayo. Baba yake alikuwa kibarua mgodini, na yeye akiwa mtoto alikuwa akimpelekea chakula. Anakumbuka wimbo waliokuwa wakiuimba wakitoka zamu. Anakumbuka siku waliyopewa blanketi, na jinsi watu walivyogombana kuhusu rangi zake. Anasimulia kwa Kinyiramba, namrekodi kwa simu, usiku naandika kwenye daftari kwanza kwa Kinyiramba kisha kwa Kiswahili. Wapo wazee wengine, wachache, kuanzia hapa Shelui hadi vijiji vya juu ya mlima. Baadhi nimeshazungumza nao, na kila mmoja ananielekeza kwa mwingine. Mzee mmoja niliyemkusudia, aliyefanya kazi kwenye mitambo ya kusaga mawe, watoto wake wamemchukua kwenda Kahama, na wananiambia kumbukumbu zake zinakwenda zikipotea. Nikingoja nipate ajira kwanza, na huenda nikapangwa Katavi au Mtwara, nitarudi nimkute nani?

Kazi hii hainilipi. Inakula bando, inakula nauli ya bodaboda, na kila ninapokwenda kwa mzee siwezi kwenda mikono mitupu, napeleka angalau sukari. Baba aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, nani anakulipa kwa hayo?" Sikuwa na jibu la fedha. Nilimwambia kwamba mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na kwamba mwalimu mwenye simulizi za mahali anapofundisha atafundisha vizuri kuliko mwenye kitabu peke yake. Akanyamaza, kisha akasema wazee wapo tu, lakini msimu wa kupanda haungoji. Naamini ni kinyume chake. Msimu utarudi mwakani. Lakini sikuweza kumjibu hivyo baba yangu, nikaitikia tu "sawa baba", na shamba likahesabiwa kuwa limekubaliwa.

Na baba ana hoja, lazima niseme. Amesomesha watoto kwa jembe. Kuna vijana hapa mtaani waliomaliza vyuo miaka ya nyuma, wanashinda kwenye vijiwe vya bodaboda, na majirani huwatolea mifano. Anaogopa nitaingia katika kundi hilo huku nikiliita utafiti.

Lipo jambo la nne, na ndilo linalonivuta zaidi. Mkuu wa shule moja ya sekondari ya kata ameniambia naweza kuanza kujitolea Januari, vipindi vya Historia kidato cha kwanza na cha pili. Posho itatoka kwenye michango ya wazazi, itakuwepo mwezi huu na mwezi ujao huenda isiwepo. Aliniambia wazi kwamba kujitolea si ahadi ya ajira, na nilimheshimu kwa kusema ukweli huo mapema. Ninachokiona mimi ni kwamba pale nitakuwa darasani, nitabaki na makali ya kufundisha, na wanafunzi wenyewe wana mababu na mabibi. Nikiwapa kazi ya kuuliza nyumbani maswali matano tu juu ya Sekenke, nitapata katika muhula mmoja kile ambacho peke yangu nisingekipata kwa mwaka. Hata hivyo Januari ndiyo mwezi wa palizi, na mgahawa wa mama hauna mtu mwingine. Watu husema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nimeshika nne.

Nimejaribu kujipangia. Asubuhi ya mgahawa ibaki ya mama, hilo halina mjadala. Kuanzia saa tano hadi saa nane iwe ya kujisomea usaili, sera ya elimu, mtaala, mbinu za kufundishia. Alasiri siku mbili za wiki niende kwa wazee, siku nyingine niwe shambani. Ekari iwe moja, si tatu. Shule ikianza, vipindi vichukue saa za kujisomea, kwa sababu kuandaa somo nako ni kujiandaa. Karatasi hiyo ninayo, nimeikunja ndani ya daftari, ila sijamwonyesha mtu. Naogopa itaonekana nawawekea wazazi masharti ndani ya nyumba yao.

Kwa hiyo Shangazi, naomba unisaidie kwanza katika hilo: binti anamwambiaje baba yake, bila kumvunjia heshima, kwamba anaomba ekari moja badala ya tatu? Niseme mwenyewe au nimtume baba mdogo, ambaye ni mwalimu na anasikilizwa? Nimefikiria pia kumkalisha baba siku moja pembeni ya bibi ninapomrekodi, asikie habari za babu yake mwenyewe, lakini sitaki aone kama ninamtega. Na hawa wanaoleta watoto na madaftari saa tano, nitawaambiaje wanielewe bila kwenda kusema kwamba chuo kimenitia kiburi?

Kwa wasomaji mliowahi kukaa nyumbani mkisubiri ajira ya ualimu: mliojitolea, kujitolea kuliwasaidia kitu siku ya usaili? Mliokwenda mjini kukaa kwenye biashara ya ndugu, mliweza kurudi darasani au mlisahau? Na kama kuna aliyewahi kukusanya simulizi za wazee wa kwao, rekodi hizo alizipeleka wapi ili zisiishie kwenye simu? Yangu ni ya zamani na inazima yenyewe, na ni hofu ninayolala nayo kila siku.

Kaka nimeshamwomba muda hadi mwisho wa mwezi ujao kabla hajatafuta mtu mwingine. Baba naye anangoja mwenye trekta amalize mashamba ya upande wa pili ndipo aje kwetu, na likishalimwa siwezi kumwambia tena kuhusu ekari. Naomba majibu yenu yatangulie trekta, na myaandike kwa namna ambayo naweza kumsomea baba kwa sauti, kwa sababu nakusudia kumsomea yote, hata yatakayosema kwamba yeye ndiye mwenye haki.

Wako mtiifu,
Mhitimu wa Shelui, Iramba